Mauaji Yetu, Vitabu Vyao

Nimechoka na jambazi mwenye miwani myeusi. Wenzangu mtanisamehe, na msiponisamehe ni sawa tu, lakini mwaka jana katika kikundi chetu cha waandishi hapa Bariadi ilizunguka miswada 14, na 11 kati yake ilikuwa na jambazi huyo huyo, gari lisilo na namba, mrembo wa hotelini na mpelelezi anayevuta sigara gizani. Mambo yote yanatokea Dar es Salaam, tena Dar ya mtu aliyeifikia mara mbili akienda kumsalimia shangazi yake Mbagala. Kuna mshikaji mmoja kaipeleka hadithi yake mpaka Hong Kong. Hong Kong, jamani! Mtu wa Somanda!

Sina ugomvi na riwaya ya upelelezi. Nimelelewa nayo. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla nilimsoma kwa koroboi mpaka pua ikawa nyeusi, na Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, na Willy Gamba wa Elvis Musiba, na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Lakini tazameni vizuri walichofanya wazee hao. Abdulla alipotoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960 alikuwa anaandika Unguja anayoijua, na mashamba yake, na mahoka yake, na maneno ya watu wake. Musiba alipotoa Kufa na Kupona mwaka 1974, Dar ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU. Wapigania uhuru wa kusini walikuwa wanapita mitaani, na majasusi hawakuwa ndoto ya mwandishi. Walichukua uhalifu wa siku zao na mahali pao wakaugeuza hadithi. Sisi tumechukua miwani yao tu.

Uhalifu wa kwetu uko wapi basi? Nasema hivi: uko hapa hapa, na hauna bastola. Aliyeuawa ni bibi mwenye miaka sitini. Silaha ni panga ambalo mchana lilikuwa linakata mabua. Na muuaji, mara nyingi mno, ni mtu aliyewahi kula kwake.

Mwaka 2005 mwanauchumi mmoja Mmarekani, Edward Miguel wa Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, alitoa makala katika jarida moja la wachumi kuhusu wilaya ya Meatu. Meatu hii hii, ambayo siku hizo ilikuwa Shinyanga na leo ni Simiyu, tangu mkoa wetu ulipozaliwa mwaka 2012. Watu wake walizunguka vijiji 67 wakiuliza nani kauawa, lini, na mvua ya mwaka huo ilikuwaje. Walichokipata kingemtoa mtu usingizini. Mwaka ambao mvua imekataa kabisa, au imezidi hadi mafuriko, mauaji ya wanaoitwa wachawi yanakuwa kama mara mbili ya mwaka wa kawaida. Mauaji mengine, ya ulevini au ya wizi, hayapandi namna hiyo. Ni haya tu. Na wanaokufa karibu wote ni wanawake watu wazima, kutoka nyumba maskini, na wanaowaua ni ndugu.

Isomeni tena hiyo. Kama uchawi ndio unaoua watu Meatu, na wachawi wanauawa kwa sababu wamegundulika, kwa nini wagunduliwe zaidi mwaka wa njaa? Watu wa vijijini watakujibu upesi: kwa sababu mchawi ndiye aliyezuia mvua, au ndiye aliyewapa watoto ugonjwa. Sawa. Imani ipo, na Miguel mwenyewe hakuikana. Alisema imani na umaskini vinatembea pamoja. Lakini imani ile ile ipo pia mwaka wa mavuno, na mwaka wa mavuno bibi yule yule anaachwa aote jua lake. Mimi hesabu yangu ni hii: mganga anatoa jina, njaa ndiyo inayotoa tarehe.

Hapo ndipo msomaji wa mjini anapotikisa kichwa na kusema: Wasukuma bwana, ndivyo walivyo. Ushamba. Mila potofu. Neno hili "mila potofu" nalichukia kuliko jambazi wa Hong Kong. Linafunga mjadala kabla haujaanza, halafu linampa afisa kitu cha kusema kwenye semina, na watu wanakula chakula cha mchana wanaondoka.

Haya, twende Ulaya. Kati ya karne ya 15 na ya 18 waliuawa huko, kwa makisio ya wanahistoria wengi, watu baina ya 40,000 na 60,000 kwa kosa la uchawi, wengi wao wanawake. Mwanahistoria Mjerumani Wolfgang Behringer ameonyesha jinsi wimbi kubwa la kesi hizo lilivyofuatana na miaka ya baridi kali, ngano ilipooza shambani. Unaona? Theluji kule, jua huku, na kikongwe ndiye anayelipa. Pale Glarus, Uswisi, walimkata kichwa mtumishi wa ndani aitwaye Anna Göldi mwaka 1782. Ikawachukua mpaka mwaka 2008 kumsafisha jina lake. Kwa hiyo anayetaka kuniambia kwamba haya ni ya kabila fulani la kanda fulani ya ziwa fulani, aanze kunieleza hao Waswisi walikuwa ukoo gani wa Kisukuma.

Tofauti ipo, na ni kubwa. Kule aliyeua alikuwa hakimu, mchana, na karani akiandika. Kwetu anaua ndugu, usiku, na mahakama iko upande wa pili. Ndiyo maana dawa yao haiwezi kuwa yetu moja kwa moja. Majaji wa Paris walipoamua mwaka 1624 kwamba kila hukumu ya kifo kwa uchawi katika eneo lao ni lazima ipitie rufani kwao, walikuwa wamewafunga breki mahakimu wa vijijini. Huku kwetu unamkatia rufani nani saa nane ya usiku?

Sasa niwaambie habari ya macho mekundu, maana hapa ndipo hasira yangu inapoanzia.

Kila mtu anajua kwamba huku Usukumani bibi mwenye macho mekundu yuko hatarini. Mmeisikia mpaka imekuwa kama utani. Na wenye elimu kidogo wanajua jibu: ni moshi. Bibi amepikia samadi kavu ya ng'ombe na mabua maisha yake yote, ndani ya jiko lisilo na dirisha. Wengi wanaishia hapo. Mimi nauliza, kwa nini samadi? Kwa sababu kuni hakuna. Kwa nini hakuna? Kwa sababu nchi hii ilifyekwa. Wakati wa mkoloni mapori makubwa ya Shinyanga yalikatwa ili kuondoa mbung'o, halafu pamba ikala sehemu yake, na ng'ombe wakamalizia, hadi ikabidi mwaka 1986 uanzishwe mradi mzima wa HASHI wa kurudisha miti na ngitili. Kwa hiyo yale macho yana historia. Yamo ndani yake mdudu, bwana shamba, bei ya pamba na mlango mmoja wa nyumba ya udongo. Ukimtazama bibi usoni unatazama sera ya miaka 80. Mwenye panga haoni hayo, anaona mchawi.

Na msidhani kusoma uhalifu usoni ni ujinga wa porini. Mwaka 1876 daktari wa Torino, Italia, Cesare Lombroso, alichapisha kitabu kikubwa akidai mhalifu anazaliwa mhalifu, na kwamba unaweza kumtambua kwa taya, masikio na umbo la fuvu. Walimwamini! Maprofesa, na suti zao. Alipimwa mtu kichwa kama mnavyopima ng'ombe mnadani. Ikabidi Mwingereza Charles Goring apime maelfu ya wafungwa wa kwao na kuwalinganisha na raia wa kawaida, na mwaka 1913 akatoa kitabu kikionyesha kwamba hakuna sura ya mhalifu. Taaluma nzima ya kuchunguza uhalifu ilianza kwa kosa lile lile la mganga wa ramli: kumtazama mtu uso na kumhukumu. Wenzetu waliondoka hapo kwa sababu mtu mmoja alikaa akahesabu, halafu akaandika, na watu wakamsoma kwa lugha yao.

Kwa lugha yao. Shikeni hapo.

Usukuma si mahali ambapo hapajaandikwa. Pameandikwa mno! Hans Cory, mtu wa Austria aliyefanya kazi na serikali ya kikoloni, alitoa kitabu juu ya sheria na desturi za Wasukuma mwaka 1953. Ralph Tanner, aliyekuwa ofisa wa wilaya upande huu, alitoa mwaka 1970 kijitabu kizima juu ya mauaji ya wachawi Usukumani. Kilichapwa Uppsala, Sweden. Ray Abrahams wa Cambridge akaandika juu ya sungusungu mwaka 1987. Simeon Mesaki wa kwetu akapata udaktari wake Minnesota mwaka 1993 kwa mauaji haya haya. Ni yeye aliyetuwekea hesabu ya kutisha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 Tanzania Bara ilipoteza watu zaidi ya 3,600 kwa sababu ya tuhuma za uchawi, na zaidi ya nusu yao walikuwa wa Usukumani. Sufian Bukurura, naye wa kwetu, akaenda Cambridge na sungusungu. Kwa hiyo si suala la rangi ya mtafiti. Ni suala la barabara ambayo maneno yanapita. Yanaondoka Meatu kwa Kisukuma, yanafika Dar kwa Kiswahili, yanapanda ndege kwa Kiingereza, na hayarudi.

Mnaijua barabara hiyo. Ni ya pamba. Mkoa huu unaongoza nchi kwa pamba, tunaivuna kwa vidole mpaka vinachanika, tunaipeleka mnadani, inachambuliwa, inafungwa marobota, inakwenda. Halafu Jumamosi tunakwenda gulioni kuchambua mitumba. Hata mauaji yetu tunayauza ghafi. Yanarudi, kama yakirudi, yakiwa filamu ya watu wengine yenye muziki wa ngoma na sauti nzito inayosema "katika Afrika ya giza".

Aliwahi kuja kijana mmoja kwa bibi yangu, kijiji kimoja cha upande wa Maswa, akiwa na karatasi za maswali. Kijana mstaarabu, kavua kofia, kasalimia "mwangaluka" kwa lafudhi ya Moshi. Akamuuliza bibi ana kuku wangapi, nyumba ina vyumba vingapi, wiki iliyopita amekula nyama mara ngapi. Bibi kajibu yote. Alipoondoka bibi akaniambia, "Mjukuu wangu, ameniuliza kuku. Hajaniuliza kwa nini nimehamisha kitanda." Na kweli, kitanda kilikuwa kimehama. Tangu babu afariki bibi hakulala tena karibu na mlango. Alikisukuma mpaka kona ya ndani, nyuma ya ghala la mtama, ili anayeingia gizani ajikwae kwanza.

Jedwali lile lina safu ya kuku. Safu ya kitanda halina. Simlaumu yule kijana, karatasi hakuitunga yeye. Ila niambieni, safu ya kitanda ataijaza nani kama si mwandishi? Hapa ndipo ninapowashika koo wenzangu. Tunajiita waandishi, tumezaliwa ndani ya nyumba zenye vitanda vilivyohamishwa, na tunaandika Hong Kong.

Kuna mfano mmoja unaonikera na kunifurahisha kwa wakati mmoja. Mwanazuoni wa uhalifu wa Norway, Nils Christie, alitoa mwaka 1977 makala ambayo mpaka leo husomwa na kila anayesomea mambo ya haki na adhabu duniani. Hoja yake ni kwamba ugomvi ni mali. Ni mali ya waliogombana na ya majirani zao, na mawakili na dola wameiiba, wameifungia kwenye majengo ambayo mwenye ugomvi anakaa kimya huku wengine wakisema kwa niaba yake. Sasa mfano aliouanzia mliutegemea utoke wapi? Oslo? Ulitoka Tanzania, kijiji cha huko Arusha. Shauri la mwanamume na mwanamke waliokuwa wachumba, uchumba ukavunjika, na mwanamume anadai alivyotoa. Nyumba imejaa watu, wanacheka, wanauliza, wanakumbushana nani alimpa nani nini, na waamuzi, makada wa chama, wamekaa tu, maana wanakijiji ndio wanaojua kila kitu. Huyo bwana aliona pale haki ambayo Ulaya imeipoteza. Kutokana na hoja hiyo na nyingine za aina yake, dunia ikapata vuguvugu zima la kupatanisha mkosaji na mkosewa. Alhamdulillahi. Kijiji chetu kimefundisha ulimwengu, na sisi hatuna habari.

Hiyo ndiyo furaha. Kero ni hii. Mwaka huo huo wa 1977, Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani. Mwaka 1976 vyombo vya usalama viliingia Mwanza na Shinyanga kuwasaka wauaji wa vikongwe, wakakamata watu kwa mamia, wakawatesa, na baadhi wakafia mikononi mwao. Mwinyi hakumgusa mtu, lakini alibeba dhamana, akaondoka. Wengi wenu mnamjua kama Mzee Ruksa tu, Rais kuanzia mwaka 1985. Basi mwaka ule ule dunia ya wasomi inasoma juu ya kijiji cha Tanzania kinachocheka mahakamani, huku Shinyanga watu wanazika waliokufa mahabusu. Zote mbili ni Tanzania, na zote mbili ni kweli. Anayeandika moja tu anatudanganya, awe mzungu wa Oslo au mshairi wa kikundi chetu anayetunga beti za "kijiji changu chenye amani".

Ndiyo, na sungusungu nao. Najua nimefika penye moto. Baba zetu wengi walikuwa sungusungu, na mimi siwezi kusimama hapa mjini nikawacheka. Baada ya vita vya Kagera silaha zilizagaa, ng'ombe wakawa wanachukuliwa kwa bunduki, polisi yuko mbali na gari halina mafuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu wa upande wa Kahama na majirani zao wakashika pinde, mishale na filimbi, wakachagua ntemi na makamanda, wakapiga mwano, na wizi ukapungua. Mwalimu aliwakubali. Mwaka 1989 sheria ya mgambo ikarekebishwa ili kuwatambua. Na wala si sisi peke yetu duniani. Kule Peru, milima ya Cajamarca, Desemba 1976, wakulima wa Chota walianza doria zao za usiku, rondas campesinas, kwa sababu ile ile ya mifugo kuibwa na polisi kulala. Sheria ya kwao ikawatambua mwaka 1986. Wasukuma na wale wa Andes hawajawahi kuandikiana barua hata moja, wakafika mahali pamoja. Huo ndio utafiti ninaoupenda, unaokuonyesha jirani ambaye hukujua unaye.

Lakini nani aliyeitwa mbele ya dagashida? Mwizi wa ng'ombe, ndiyo. Na mara nyingine bibi. Abrahams aliliona hilo tangu mwanzo, kwamba upinde uliomtafuta mwizi ulimgeukia pia mwanamke aliyetuhumiwa uchawi. Mwizi anatozwa faini anarudi kundini. Bibi akishatengwa, hakuna wa kumpa moto wala chumvi, na kijiji kizima kimeshajua kwamba akipatwa na jambo hakuna atakayepiga mwano. Mtu anaweza kuuawa mwezi wa tatu kwa neno lililosemwa mkutanoni mwezi wa kwanza. Hiyo kesi utaiandikaje polisi? Mshtakiwa ni nani, mkutano?

Serikali nayo? Sheria ya Uchawi tunayoitumia ni ya mwaka 1928. Mkoloni aliitunga akiwa haamini uchawi, akakataza mtu kujidai mchawi, na akampa mkuu wa wilaya uwezo wa kumhamisha mtuhumiwa kwenda kukaa kwingine. Yaani dola haisadiki, lakini inahamisha! Mambo ya ajabu. Mwezi Mei 2014, hapa hapa wilaya ya Bariadi, aliuawa mama mwenye ualbino na viungo vyake vikachukuliwa. Januari 2015 serikali ikatangaza kupiga marufuku waganga wa ramli, na kufikia Machi walikuwa wamekamatwa zaidi ya 200. Vizuri. Ila ramli haikai kwenye leseni. Na nyundo ya mwisho, kitanzi, bado imo kwenye vitabu: muuaji wa kukusudia hukumu yake ni moja tu, kifo, ingawa tangu katikati ya miaka ya 1990 hajanyongwa mtu. Nani kati ya vijana wanaokodiwa kumkata bibi anakaa kwanza kuwaza Kanuni ya Adhabu?

Miguel katika makala yake alipendekeza kitu ambacho hakina kitanzi wala kirungu. Pensheni. Mpe kikongwe fedha kidogo kila mwezi, na yule aliyekuwa mdomo wa kulishwa mwaka wa njaa anageuka kuwa ndiye anayeleta unga. Alitaja jimbo la kaskazini la Afrika Kusini, ambako mauaji ya namna hii yalishuka baada ya pensheni ya wazee kupanuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alikuwa mwajiriwa au mvuvi. Shilingi 20,000! Ni bei ya kuku wachache. Hao kuku wanaoulizwa kila siku. Nataka mbunge mmoja wa Simiyu asimame aniambie uhai wa bibi wa Mwanhuzi haufiki hapo.

Najua mtakavyonijibu, maana mmeshanijibu kijiweni.

La kwanza, eti hadithi ya kikongwe haiuzi. Mhariri mmoja wa mjini alimwandikia mwenzetu hivyo hivyo, kwamba wasomaji wanataka kasi. Kasi? Mtoto wa kiume analipa nusu ya bei, nusu itakuwa baada ya kazi. Wakodiwa wanalala nyumba ya tatu kutoka kwa marehemu mtarajiwa, na jioni yake marehemu mtarajiwa anawapelekea maziwa kwa sababu wageni hawalali njaa. Mnataka kasi gani zaidi ya hiyo? Musiba angeuza mbuzi apate kisa kama hicho.

La pili, tutauaibisha mkoa. Hili linasemwa na watu wazima, tena kwa upole, na ndilo linalonitisha. Aibu ya mkoa iko kwenye kaburi, haiko kwenye daftari. Na mkoa umeshaandikwa Uppsala na Berkeley miaka mingi, wenye lugha yao wameshajua. Tusiojua ni sisi.

La tatu lina uzito, nalikubali nusu. Kwamba ukiandika habari za kweli unaweza kumwonyesha mtu kidole, na huku kidole kinaua. Kweli. Basi usitaje jina, usitaje kitongoji, badili idadi ya watoto, hamisha kisima. Ufundi wa hadithi ndio huo, na watafiti nao hufanya hivyo hivyo, wanaficha majina wanaacha mambo. Kitu kimoja usikibadili: mvua ilikuwaje mwaka huo.

Na msiniambie hamjui pa kuanzia. Mahakama zetu ziko wazi kwa raia. Unaingia, unavua kofia, unazima simu, unakaa benchi la nyuma. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kwa hiyo hata kisingizio cha Kiingereza kimekufa, japo hukumu nyingi za zamani bado mtazikuta kwa lugha ile. Hizo nazo zimewekwa kwenye intaneti bure, kesi za mauaji za Mahakama Kuu, kurasa kwa kurasa, na shahidi wa kwanza mpaka wa tisa. Kijana mwenye simu ya kupangusa anayekesha akitazama mpira anaweza kusoma moja kwa usiku. Someni ushahidi wa majirani. Hakuna mwandishi wa riwaya aliyewahi kutunga sentensi kama za jirani anayejaribu kusema alisikia yowe na hakutoka.

Mimi tangu Februari nimekuwa nakwenda kila Jumanne. Askari wa mlangoni aliniuliza mara ya kwanza nina kesi gani, nikamwambia sina, nimekuja kusikiliza. Akacheka, akasema hajawahi kuona mtu anakuja mahakamani kwa hiari. Siku hizi ananiwekea nafasi. Nyingi ya kesi ni za mbuzi, mipaka ya mashamba, mtu kampiga mtu chupa. Lakini mwezi uliopita kuna mama alisimama kudai shamba la mumewe marehemu, na shemeji yake, akijibu swali ambalo hata halikuulizwa, akasema mbele ya hakimu, "Huyu mwanamke mvua za mwaka jana anazijua yeye." Hakimu akamwambia ajibu swali. Karani hakuliandika hilo. Mimi nililiandika, na tarehe, na jinsi yule mama alivyoshika kona ya kanga yake akatazama chini. Liko kwenye daftari la pili, ukurasa wa 41. Anayetaka kulisoma aje Jumanne saa mbili na nusu, benchi la nyuma, upande wa dirisha. Nafasi zipo tatu.